SOMO: Kuunganisha risiva na transmita kwenye kontrola ya ripita

Vikundi vikizungumza juu ya redio koli, swali huwa lile lile: kwa nini tunasikilizana vizuri hapa sokoni Nyakoe, lakini mtu akishuka bondeni anapotea? Ni vilima vyetu. Mawimbi ya redio hizi huenda karibu moja kwa moja kama mwanga wa tochi, na kilima huyazuia. Kwa hiyo watu huweka ripita mahali pa juu. Risiva yake husikia kwa masafa fulani, na wakati huo huo transmita hurudia maneno kwa masafa mengine. Simu za mkononi tunazo, ndiyo, lakini redio huwaambia wote kwa mara moja, na netiweki ikianguka usiku mama ana uchungu wa kuzaa, redio bado inaita.

Katikati ya risiva na transmita hukaa kontrola. Ifikirieni kama mwenyekiti wa mkutano: yeye ndiye anayetoa nafasi ya kusema na kuifunga. Lakini kontrola haina macho. Inajua tu kile ambacho waya zinaiambia.

Risiva huipa kontrola vitu viwili. Cha kwanza ni sauti. Msiitoe kwenye spika, kwa sababu siku moja mtu atagusa kitufe cha sauti na kuharibu vipimo vyote. Itolewe ndani, mahali ambapo kitufe hicho hakifiki. Cha pili ni alama ya kusema "kuna mtu anaongea". Kontrola nayo huipa transmita sauti, na amri ya kurusha. Waya wa hasi lazima uwaunganishe wote watatu.

Kazi iko kwenye ile alama. Katika redio nyingine, mtu akiongea volti hupanda. Katika nyingine hushuka hadi sifuri. Kontrola ikisubiri kupanda na redio yenu inashuka, itaelewa kinyume: pakiwa kimya itadhani mtu anaongea, na itarusha. Hebu tupige hesabu. Transmita ya wati 25 kwenye betri ya volti 12 hula kama amperi 5. Betri ya amperi-saa 60 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo saa 6 tu zinatosha kuimaliza. Mkiiacha jioni, usiku wa manane hakuna redio, na pengine transmita imeshaungua. Hizo ni pesa za michango ya wanachama.

Basi msikubali fundi wa "weka tu, itashika". Mwambieni achukue mita, apime waya wa alama mtu akibonyeza redio koli upande wa pili, halafu akiachilia. Aandike namba zote mbili, ndipo apange kontrola. Kontrola nyingi zina swichi au mpangilio wa kugeuza. Pia awashe saa ya kikomo, dakika 3 kwa mfano, ili mtu akikalia kitufe transmita ijifunge yenyewe.

Majaribio yote yafanyike chini, mezani, kabla ya kubeba kitu kilimani. Transmita isiwashwe kamwe bila antena. Mezani itumieni mzigo wa bandia wa omu 50. Kama antena ni moja kwa kusikia na kurusha, lazima kuwe na dupleksa, yale makopo ya kuchuja masafa. Bila hiyo risiva husikia transmita yake yenyewe na kuzibwa masikio.

Radi ya huku Gusii hatuhitaji kumfundisha mtu. Mlingoti, kasha la mitambo na ganda la waya wa antena vifungwe pamoja kwenye fimbo ya shaba iliyozamishwa ardhini, karibu na mlingoti, kabla waya haujaingia ndani. Wengine huona shaba ni ghali. Transmita ni ghali zaidi.

Na kabla ya kununua chochote, ombeni leseni na masafa. Zamani mambo haya yalikuwa ya Shirika la Posta na Simu; mwaka 1999 yakaenda kwa Tume ya Mawasiliano, ambayo leo ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Masafa mtakayopewa ndiyo fundi atakayoyatumia kupanga dupleksa, kwa hiyo barua hiyo itangulie pesa.