Kisukari, Shinikizo la Damu na Macho: Yapasayo Kufahamika Kabla Uoni Haujapungua

Wagonjwa wengi wa kisukari hufika kwa daktari wa macho wakiwa wamechelewa, na si kwa uzembe: macho yao hayakuwauma. Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina hisia ya maumivu. Mishipa yake ya damu yaweza kuharibika kwa miaka kadhaa huku mwenyewe akiendelea kusoma, kushona na kuendesha pikipiki bila taabu.

Uharibifu huo huenda kwa hatua. Sukari inapokaa juu kwa muda mrefu hudhoofisha kuta za mishipa midogo, nayo huanza kuvuja. Majimaji yakikusanyika katikati ya retina, sehemu inayotumika kusomea na kutambua nyuso za watu, uoni hufifia. Mishipa mingine huziba kabisa. Retina iliyokosa damu ya kutosha huotesha mishipa mipya, lakini mishipa hiyo ni dhaifu: ikipasuka, damu humwagika ndani ya jicho, na makovu yanayofuata yaweza kuibandua retina mahali pake. Shinikizo la juu la damu huongeza kasi ya mambo hayo yote.

Ndiyo maana mwenye kisukari cha aina ya pili hupaswa kuchunguzwa retina mara tu anapogundulika, kwa kuwa mara nyingi ugonjwa umekwisha kukaa mwilini miaka mingi bila kujulikana. Baada ya hapo huchunguzwa kila mwaka, au mapema zaidi daktari akiona dalili. Mwenye aina ya kwanza huanza miaka 5 baada ya kugundulika. Mama mwenye kisukari anayepata ujauzito achunguzwe katika miezi ya mwanzo, kwa sababu ujauzito waweza kuharakisha madhara.

Ifahamike kwamba kusomeshwa herufi za ukutani na kupewa miwani si uchunguzi wa retina. Katika uchunguzi wenyewe mgonjwa hutiwa matone ya kupanua mboni, kisha nyuma ya jicho humulikwa au hupigwa picha. Uoni huwa na ukungu kwa saa kadhaa baadaye. Ni vyema kwenda na ndugu wa kumwongoza mgonjwa nyumbani. Tena, sukari inapopanda na kushuka hubadili hata lenzi ya jicho. Anayenunua miwani wakati sukari iko juu hushangaa baada ya wiki chache kuona haimfai tena, akamlaumu muuzaji bure.

Matibabu yapo. Utafiti mkubwa wa Marekani na Canada uliotangazwa mwaka 1993 ulionyesha kuwa udhibiti makini wa sukari kwa wenye aina ya kwanza, ambao retina zao zilikuwa bado nzima, ulipunguza hatari ya kuanza kwa ugonjwa huo kwa asilimia 76. Ugonjwa ukikomaa, mionzi ya leza huzuia mishipa mipya, na sindano za dawa ndani ya jicho hupunguza uvimbe wa katikati ya retina. Leza hulinda uoni uliosalia. Mara chache hurudisha uliopotea. Mgonjwa aliyeambiwa hivyo mapema hatakatishwa tamaa akaacha kuhudhuria.

Glakoma, iitwayo na wengi presha ya macho, ni jambo jingine, wala haipimwi kwa mashine ya kufunga mkononi. Huharibu mshipa wa fahamu wa jicho, ikianzia kandoni mwa uoni. Wapo wazee wanaodhani wana mtoto wa jicho, wakakaa nyumbani wakingoja ukomae. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji na uoni ukarudi. Uoni ulioibwa na glakoma haurudi. Kungoja bila kupimwa, basi, ni kucheza kamari na jicho. Aliye na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye glakoma apimwe hata kama anaona vizuri. Matone ya glakoma hutumika kila siku bila kuleta nafuu inayohisika, na hapo ndipo wengi huyaacha. Mwenye pumu amweleze daktari kabla ya kuyapokea, kwa kuwa aina mojawapo, timolol, yaweza kubana kifua.

Dalili moja haingoji siku ya kliniki: jicho kuzimika ghafla bila maumivu. Huenda mshipa wa retina umeziba, kama ilivyo katika kiharusi. Hata uoni ukirejea baada ya dakika chache, mgonjwa afike hospitali siku hiyo hiyo, apimwe shinikizo la damu, sukari, moyo na mishipa ya shingo, kwa kuwa kiharusi chaweza kufuata. Kutia jichoni maji ya majani au dawa ya jirani ni kupoteza saa zisizorudi.

Kwa kawaida safari huanzia zahanati au kituo cha afya, ambako shinikizo la damu na sukari hupimwa na barua ya rufaa huandikwa. Mgonjwa achukue kadi ya kliniki, dawa zote anazotumia zikiwa katika pakiti zake, na miwani yake, hata iliyovunjika. Mwenye kisukari avue viatu pia: jeraha la mguuni lisilopona na maumivu ya ndama yanayokuja kwa kutembea na kutulia kwa kupumzika huashiria kuwa mishipa ya miguu nayo imeanza kuziba.