Mkono wa Msaidizi: Jinsi Makao ya Wazee Marekani Yanavyopima Msaada Anaouhitaji Mzee Wako

Unaulizwa, "Mama anaweza kuvaa mwenyewe?" Unajibu, "Anaweza, namsaidia kidogo tu." Kijitabu hiki chote kinahusu hilo "kidogo tu".

Tumekiandika kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani ambazo mzazi, bibi au babu yao ameingia katika makao ya wazee, au amelazwa hospitalini na imesemwa kwamba hatarudi nyumbani moja kwa moja. Kitawafaa pia ndugu zetu kutoka Kenya, Tanzania na Kongo wanaofanya kazi ya uhudumu humo. Wao ndio wanaojua kwamba mzee aliyeandikwa "anajitegemea" juzi, jana usiku alihitaji watu wawili kumnyanyua.

Fomu inatoka wapi

Mwaka 1987 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kurekebisha makao ya wazee, mwaka mmoja baada ya ripoti nzito ya Institute of Medicine juu ya hali ya matunzo humo. Tangu hapo, makao yanayopokea fedha za Medicare au Medicaid, na hayo ndiyo karibu yote, yanatakiwa kumpima kila mkazi kwa utaratibu mmoja wa nchi nzima. Fomu yake inaitwa Minimum Data Set, kwa kifupi MDS. Toleo la tatu, linalotumika sasa, lilianza Oktoba 2010.

Wazo lenyewe ni la zamani kidogo. Mwaka 1963 daktari Sidney Katz na wenzake wa Cleveland walichapisha orodha ya mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Waligundua kwamba uwezo huo haupotei ovyoovyo. Kwa kawaida kuoga hutangulia kumshinda mtu, na kula hubaki mwisho. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mzee wako ameanza kupungukiwa, usimtazame mezani. Mtazame bafuni.

Lini anapimwa

Tathmini kamili ya kwanza lazima ikamilike ndani ya siku 14 tangu aingie. Baada ya hapo hupimwa tena angalau kila siku 92, na mara moja kwa mwaka hupimwa upya kikamilifu. Hali yake ikibadilika sana, iwe kwa kuzorota au kwa kupata nafuu kubwa, makao hayasubiri zamu ya kawaida ifike. Yanapaswa kumpima upya. Muuguzi aliyesajiliwa ndiye anayeratibu kazi hiyo na kutia saini kwamba imekamilika.

Sehemu inayohusu shughuli za kila siku hutazama siku tatu tu. Kwa aliyeingia chini ya Medicare akitokea hospitalini, ni siku tatu za mwanzo. Katika tathmini ya miezi mitatu, ni siku moja iliyochaguliwa pamoja na mbili zilizoitangulia. Fikiria hesabu hiyo: siku 3 kati ya 92. Kama ndizo siku ulizokuwapo wewe, ukamlisha, ukamvisha na kumpeleka msalani kwa mikono yako, msaada huo hauhesabiwi. Maelekezo ya fomu yanasema msaidizi ni mfanyakazi wa makao au aliyeajiriwa kwa mkataba nayo. Binti, mkwe, mjukuu, hata mwanafunzi wa uuguzi aliyekuja kujifunza, hawamo.

Hatusemi uache kumlisha mama yako. Tunasema mhudumu naye aone jinsi mama anavyokula wewe usipokuwapo.

Alama sita

Kila shughuli hupewa alama. Aliyezoea fomu ya zamani ajihadhari, maana hesabu imegeuka. Katika sehemu iliyotumika hadi Septemba 2023 namba kubwa ilikuwa na maana ya msaada mkubwa. Sasa namba kubwa ina maana ya kujitegemea. Wahudumu wa miaka mingi bado hujikwaa hapo, na hatuwalaumu.

Alama ya 06 ni ya anayefanya mwenyewe bila msaidizi. Akitumia gongo, fremu ya kutembelea au mpini wa kushikia ukutani, bado ni 06, kwa kuwa kifaa si msaidizi. Alama ya 05 ni ya anayeandaliwa: mhudumu anamfungulia kopo la maziwa, anamkatia nyama, kisha anaondoka, na mzee anamaliza mwenyewe. Kwa 04, mhudumu hawezi kuondoka. Anasimama karibu, anamkumbusha hatua inayofuata, au anamgusa mgongo asiyumbe. Alama za 03 na 02 zinatenganishwa na nusu: msaidizi akifanya chini ya nusu ya kazi ni 03, akifanya zaidi ya nusu ni 02. Alama ya 01 ni ya anayefanyiwa kila kitu, au anayehitaji wasaidizi wawili au zaidi, hata kama mmoja wao anasimama tu kwa usalama. Jina lake rasmi ni "tegemezi". Neno hilo linachoma, na mzee akilisikia hujiona mzigo. Lakini ukiitazama fomu vizuri utaona kwamba haimpimi mzee. Inapima mkono wa msaidizi: umefanya kazi kiasi gani, na ilikuwa mikono mingapi.

Kuna pia alama za shughuli ambayo haikufanyika kabisa. Mzee alikataa, au hakuwa akiifanya hata kabla ya kuugua, au hali yake haikuruhusu, au mazingira yalizuia. Kukataa kuna alama yake peke yake, kwa hiyo bibi anayekataa kuogeshwa na mwanamume asiandikwe kwamba hawezi kuoga. Sababu yake isemwe, na apatiwe mhudumu mwanamke kadiri inavyowezekana.

Kula kwa mkono

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu familia nyingi huona haya. Babu hapendi uma. Tangu utoto amekula ugali na wali kwa mkono, na akipewa kijiko anakitazama kama kitu kilichopotea njia. Wengine huogopa kwamba ataandikwa ameshindwa kula. Maelekezo yako wazi: chakula kinacholiwa kwa vidole hupimwa kwa kiasi cha msaada anaopata mlaji. Babu akinawa, akamega tonge, akachovya na kula bila kushikwa, ni 06 kama jirani yake mwenye kisu na uma. Mhudumu akimletea maji ya kunawa na kumsogezea sahani kisha akaenda zake, hiyo ni 05. Kinachofaa kuangaliwa ni kama tonge linafika mdomoni, na likifika, kama linamezwa bila kupaliwa.

Kuoga nako kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mgongo na nywele havihesabiwi. Kinachopimwa ni kujisugua, kujisuuza na kujikausha mwili uliobaki. Kuingia na kutoka bafuni hupimwa peke yake, kwa sababu mzee anaweza kujisugua vizuri akiwa amekaa lakini asiweze kuvuka ukingo wa beseni la kuogea.

Na choo. Fomu hutenganisha kukaa na kuinuka pale chooni na kujisafisha pamoja na kupanga nguo. Wazee wetu wengi huchamba kwa maji, na karatasi hawaitaki. Mwambieni muuguzi mapema, kopo liwepo, na ijulikane nani analijaza na nani analishika. Bibi anayejitahidi na karatasi asiyoizoea anaweza kuonekana hawezi kujisafisha, kumbe amenyimwa maji tu.

Suala la kutembea tutalipita haraka. Hupimwa kwa futi 10, futi 50 zenye kona mbili, na futi 150, yaani takriban mita 3, 15 na 45. Ngazi hupimwa moja, nne na kumi na mbili. Kuna pia kugeuka kitandani, kuketi na kusimama.

Heshima inapoficha hitaji

Muuguzi akiuliza, mzee wetu hujibu "sijambo, naweza", kwa sababu ndivyo anavyomjibu mgeni. Mwana naye hunyamaza, kwani kumsahihisha mzazi mbele ya watu ni utovu wa adabu. Muuguzi anaandika alichosikia. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na katika jambo hili aibu ina gharama: mpango wa matunzo, ambao lazima uwe tayari ndani ya siku saba baada ya tathmini kamili kumalizika, hujengwa juu ya majibu hayo. Kama fomu inasema anasimama mwenyewe, hakuna atakayepangiwa kuja kumsimamisha.

Njia ya heshima ipo. Muuguzi anaweza kuzungumza nawe kando, kwa idhini ya mzee. Bora zaidi, mwombe asiulize tu bali atazame: badala ya "Unaweza kuvaa?", amwachie kanga na blauzi kitandani aone kinachotokea.

Jihadharini pia na swali la nyuma: kabla ya ugonjwa huu alikuwa akijifanyia nini? Linaulizwa hasa kwa anayetoka hospitalini, na familia ndiyo inayolijibu. Mara nyingi tunasema "alikuwa anafanya kila kitu", huku tukisahau kwamba mkwe ndiye aliyemfunga viatu, na mjukuu ndiye aliyemshika mkono ngazini. Kosa la upande wa pili ni baya vilevile. Mzee aliyekuwa akilima bustani hadi wiki aliyovunjika nyonga akiandikwa kwamba alisaidiwa siku zote, hakuna atakayemtarajia kusimama tena.

Kosa jingine ni kumhimiza ajikaze siku tatu za mwanzo ili aonekane hodari. Fomu haitaki siku yake bora wala siku yake mbaya. Inataka hali yake ya kawaida. Mwenye ugonjwa wa Parkinson anaweza kutembea vizuri dawa ikiwa imekolea, na akaganda kabla ya dozi inayofuata. Anayemtazama saa nne asubuhi peke yake amemwona nusu. Ndiyo maana wahudumu wa zamu zote, pamoja na ya usiku, wanapaswa kusema walichokifanya. Alama hizi huingia pia katika hesabu ya malipo ambayo Medicare huwapa wenye makao, kwa hiyo kuziandika kwa usahihi si suala la adabu tu.

Haki zenu

Mzee ana haki ya kushiriki katika kupanga matunzo yake na kumwalika amtakaye kwenye kikao. Ana haki ya kuona kumbukumbu zake. Kama Kiingereza kinampa shida, makao yanayopokea fedha za serikali kuu yanapaswa kumpatia mkalimani bila malipo. Mjukuu wa miaka kumi asifanywe mkalimani wa habari za chooni za bibi yake. Ni aibu kwa wote wawili, na tafsiri itakuwa mbovu. Omba mkalimani wa Kiswahili na useme ni Kiswahili cha wapi, kwa maana mzee wa Bukavu na mzee wa Lamu wanaweza kupishana kwa mengi.

Usiporidhika, anza na muuguzi anayeratibu MDS. Muulize: ni siku zipi tatu mlizotazama? Nani alikuwa zamu? Mabishano mengi huisha hapo. Yasipoisha, kila jimbo lina ofisi ya mtetezi wa wakazi wa makao ya wazee, iliyowekwa na sheria. Huduma yake ni bure, na makao yanatakiwa kubandika anwani na simu yake mahali panapoonekana.

Ukienda kikaoni, nenda na daftari. Maneno kama "mama amedhoofika" hayamsaidii muuguzi. Andika hivi: "Jumanne, saa kumi na mbili na nusu jioni. Alianza kula mwenyewe. Mkono ulichoka sahani ikiwa nusu. Mhudumu alimlisha yaliyobaki, ikachukua dakika ishirini." Kisha Jumatano, kisha Alhamisi.