SOMO: MPANGAJI NA RIZIKI YA UZEENI

 

Ndugu zangu, katika mambo ambayo sisi watu wa Mombasa na pwani yake twayasema sana barazani na kuyatengeneza kidogo, ni hili la uzee. Kulla mmoja wetu amemwona mzee aliyefanya kazi bandarini au afisini miaka thalathini, akaagwa kwa chai na hotuba, akapewa kiinua mgongo chake. Kisha haukupita muda mrefu akawa ahama nyumba hii hatta ile, vyombo vyake vimepakiwa katika mkokoteni, kwa kuwa kodi imemshinda. Mzee huyu si mvivu wala si mbadhirifu. Kosa lake ni moja, nalo ni kuwa hakufanya hisabu mapema. Basi somo letu ni hisabu hiyo.

MAANA YA KUWA MPANGAJI

Mwenye nyumba yake, mshahara wake ukikatika, hubakiwa na matumizi ya chakula, mavazi na dawa. Mpangaji hubakiwa na hayo hayo, na juu yake kodi ya kulla mwezi. Mshahara una siku ya kukoma, lakini kodi haina.

Na wako wengine kwetu ambao ni wapangaji nao hawajijui. Hao ni wenye nyumba bila ardhi. Mtu amejenga kuta na paa kwa mali yake, lakini kiwanja ni cha mwingine, naye hulipa kodi ya ardhi. Siku mwenye ardhi akitaka kiwanja chake, au akiuza, kuta hazitamfaa kitu. Basi mtu wa namna hii asijihisabu katika wenye nyumba. Somo hili ni lake pia.

Wala mtu asitegemee kuwa sheria itamzuilia kodi isipande. Sheria ya Kenya ya kuzuia kodi za nyumba za kukaa iliwekewa mpaka wa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na nyumba nyingi za mjini zimekwisha kuupita mpaka huo.

HISABU YENYEWE

Tumchukue mtu wa miaka 40, alipaye kodi ya shilingi 8,000 kwa mwezi. Tukikadiria kuwa kodi yapanda 5 katika kulla mia kwa mwaka, basi atakapotimia miaka 60 kodi ya nyumba ile ile itakuwa yapata shilingi 21,000. Akijaaliwa kuishi miaka 15 baada ya hapo, hatta tukisema kodi haitaongezeka tena, atahitaji shilingi 3,780,000 kwa kodi peke yake, kabla hajanunua mkate wala dawa. Akitaka kuzikusanya fedha hizo kwa kuweka tu, yampasa aweke shilingi 15,750 kulla mwezi kwa miaka 20. Hizo zakaribia kodi yake ya leo mara mbili.

Na aangalie upande wa pili. Msaada ambao serikali ya Kenya ilianza kuwapa wazee wa miaka 70 na zaidi mwaka 2018 ulikuwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni msaada wa kushukuriwa, lakini hautoshi hatta robo kamili ya kodi ya 8,000 pamoja na chakula chake.

Alhasili, kwa wengi wetu fedha za kuweka peke yake hazitaifikia kodi. Fedha iliyolala haiongezeki, tena ikifikia nisabu na kupitiwa na mwaka hutolewa zaka mbili na nusu katika mia. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar aliamrisha mali ya mayatima yafanyiwe biashara ili yasije yakaliwa na zaka. Basi ikiwa hayo yafaa kwa mali ya yatima, yafaa pia kwa mali ya mzee wa kesho.

YAPASAYO KUFANYWA

Kwanza, mtu asiache haki yake. Tangu Februari 2023 sheria ya NSSF ya Kenya humkata mfanya kazi 6 katika kulla mia ya mshahara wake, kwa kiasi kilichowekewa mpaka, na tajiri wake humtolea mfano wa hizo. Uliza, taka hisabu yako iliyoandikwa, uone kama tajiri wako apeleka. Mwenye kuuliza akiwa na miaka 40 ana wakati wa kudai. Mwenye kuuliza akiwa na 60, mara nyingi amekwisha chelewa. Na mvuvi, fundi au mchuuzi asiye na tajiri, aweza kujiandikisha mwenyewe na kuweka kwa hiari.

Pili, na hili ndilo kubwa, miliki kitu kinacholipa kodi. Si lazima nyumba unayolala iwe yako. Kiwanja cha mjini huenda usikiweze maisha yako yote. Lakini huenda ukakiweza kiwanja kidogo nje ya mji, Kwale au Kilifi, ukajenga chumba kimoja, na baada ya miaka cha pili, ukavipangisha. Kodi zikipanda juu yako, zitapanda vilevile kwako. Na katika kauli ya wanavyuoni walio wengi, zaka haiwi juu ya kuta za kupangisha, bali juu ya kodi iliyokusanyika ikabakia hatta ikapitiwa na mwaka.

Ukinunua, nunua kwa hati. Nenda afisi ya ardhi kwanza ulitazame jina lililoandikwa, wala usitosheke na neno la dalali. Na ikiwa mwashirikiana ndugu wawili au watatu, andikeni fungu la kulla mmoja, mushuhudishe. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuandika madeni, nasi twaona haya kuandikiana na ndugu, kisha twagombana mbele ya kadhi.

Tatu, kiinua mgongo kisiwe cha harusi. Fedha hizo ndizo mshahara wako wa miaka iliyobaki, umelipwa kwa siku moja. Mwenye kuzila kwa mwezi mmoja amekula miaka yake.

MASUALA

Suala: Je, kujiwekea hivi si kupungukiwa na kutawakali?
Jawabu: La. Nabii Yusuf (A.S.) alikuwa mtume, naye aliwaelekeza watu wa Misri waweke nafaka miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya shida.

Suala: Watoto wangu si akiba yangu?
Jawabu: Kumlisha mzazi aliye fakiri ni wajibu juu ya mtoto mwenye uwezo. Lakini sharti ni uwezo, na mtoto wako huenda ni mpangaji kama wewe, ana kodi yake na watoto wake. Saad bin Abi Waqqas alipougua akataka kutoa sehemu kubwa ya mali yake sadaka, Mtume (S.A.W.) hakumruhusu kupita thuluthi, akambainishia kuwa kuwaacha warithi na kitu ni bora kuliko kuwaacha wakiombaomba. Basi vipi mtu ajifanye mwenyewe kuwa mzigo wao, hali ana nguvu za kujitengenezea?

Suala: Na faida ya akiba iliyoingiliwa na riba?
Jawabu: Kinachokatwa kwa amri ya sheria hakina hiari yako, na ulichotoa ni mali yako. Ama ziada, mwendee mwanachuoni umwonyeshe hisabu yako. Na unachoweka kwa hiari, kiweke pasipo riba. Benki za kufuata sharia ziko Kenya tangu mwaka 2008.

MWISHO

Imetajwa katika Kitabu cha Kharaj cha Abu Yusuf kuwa Sayyidna Umar alimwona mzee kipofu asiyekuwa Mwislamu akiomba milangoni, akaamrisha apewe matumizi katika Baitulmali, kwa kuwa si insafu kula ujana wa mtu kisha kumtupa uzeeni. Basi nanyi mulioruzukiwa majumba, mukumbukeni mpangaji mzee aliyewalipa miaka ishirini bila ya kukosa. Na mwenye uwezo, afanye wakfu hatta chumba kimoja kwa wazee wasio na pa kukaa.

Na wewe ndugu yangu uliye kijana, leo usiku chukua karatasi, andika kodi yako, na umri wako, na ulichonacho. Hisabu hiyo, ukiifanya leo, itakuudhi usiku mmoja. Ukiiacha, itakuudhi uzee wako wote.