Kula Mboga Ukishapita Arobaini: Vidokezo vya Kibera na Kawangware

Ukienda kliniki ukaambiwa presha imepanda na upunguze nyama, huenda ukajiuliza: nyama gani? Kwa nyumba nyingi za Kibera na Kawangware, nyama ni robo kilo ya Jumapili, au kipande cha mutura mtu akitoka kazini. Swali hilo ni la haki. Katika umri wa makamo, presha na sukari huchangiwa pia na mlima wa ugali, chumvi, mafuta na chai tamu. Basi ukiamua kuacha nyama, usiache pengo kwenye sahani. Lijaze vizuri.

1. Panga sahani upya. Nusu iwe mboga, robo iwe maharagwe au ndengu, robo ya mwisho ndiyo ugali, wali au chapati. Chips, mandazi na soda havina nyama hata chembe, na bado vinanenepesha na kupandisha sukari. Unga wa posho mill, ambao haujakobolewa, ni bora kuliko ule mweupe wa pakiti. Ukichanganya na wimbi au mtama, bora zaidi.

2. Kama ni kuacha kitu kimoja kwanza, acha smokie na soseji. Mwaka 2015 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliweka nyama za kusindikwa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Yai la kuchemsha na kachumbari unalipata kwa muuzaji yuleyule wa smokie.

3. Fanya urafiki na maharagwe, njahi, ndengu na kamande. Hapa ndipo wengi hushindwa, na kinachowashinda ni makaa na gesi. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya. Yataiva mapema na hayatakusumbua sana tumboni. Kamande huiva haraka zaidi, kwa hivyo ndizo za siku uliyochelewa kufika nyumbani.

Hata bila kuloweka, kuna akina mama wanaouza maharagwe na githeri iliyokwisha kuchemshwa kando ya barabara. Nunua, ila uliza kwanza: “Mama, umeweka magadi?” Magadi hulainisha punje na kuokoa makaa, lakini yamejaa sodiamu, ileile ya chumvi ambayo mwenye presha anaikwepa. Ukiona mahindi yamegeuka manjano kuliko kawaida na ladha inakaribia sabuni, magadi yamezidi. Mwombe akuwekee yasiyo na magadi. Ukiwa mteja wa kila wiki, atakusikia.

4. Sukuma si mboga peke yake. Terere, managu, kunde, saga na mrenda zote zinapatikana soko la Toi na soko la Kawangware, na zina madini na vitamini kwa wingi. Aliyezipigania mboga hizi zaidi kwa sayansi ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Alipokuwa mtoto, maziwa, mayai na samaki vilimdhuru, akalelewa kwa mboga za kienyeji. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimtunuku tuzo ya sayansi ya Kwame Nkrumah. Ukisikia mtu akiziita chakula cha maskini, mtajie jina hilo.

Jambo moja kuhusu usafi. Baadhi ya mboga zinazouzwa Nairobi hukuzwa kwa maji taka. Mama mboga akikukatia sukuma nyembamba jioni, anakuokolea muda, lakini mboga iliyokatwa ni ngumu kuosha, na ukiisuuza hapo vitamini nyingine zinaenda na maji. Nunua majani mazima, yaoshe kwa maji safi yanayotiririka, ndipo ukate. Au mwone akiyaosha kabla ya kisu. Pika kwa muda mfupi, na ule mchuzi wa managu usiumwage.

5. Chai ikae kando ya chakula. Chuma kilichomo kwenye maharagwe na mboga huingia mwilini kwa shida, na chai huzidi kukizuia. Kunywa chai saa moja au mbili baada ya kula. Kinachosaidia ni vitamini C: kamulia ndimu, kula nyanya mbichi au chungwa. Kina mama ambao bado wanapata hedhi nzito wasipuuze hili.

6. Usikose vitamini B12. Mimea haina. Mayai na maziwa, hata mala, vinayo. Ukiacha vyote hivyo, tafuta tembe zake. Anayetumia metformin kwa miaka mingi ana sababu zaidi, kwani dawa hiyo huweza kupunguza B12 mwilini, amuulize daktari. Na kama omena imekushinda kuacha, endelea nayo. Ina B12 na kalisi, na ni afadhali mara kumi kuliko mgongo wazi uliokaangwa kwa mafuta yaliyotumika siku nzima.

7. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na ile iliyofichwa ndani ya mchuzi mix. Dania, kitunguu saumu na tangawizi zitaleta ladha.

8. Tafuta wenzako. Waadventista wa Sabato wapo mitaa yote miwili, na wengi wao wanajua kupika bila nyama. Utafiti mmoja uliofuatilia Waadventista zaidi ya 73,000 wa Marekani ulitoa matokeo mwaka 2013: waliokula vyakula vya mimea zaidi, wakiwemo wale wa samaki na wa nyama mara chache, walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 12 hivi. Walilinganishwa na Waadventista wenzao wanaokula nyama. Nafurahia hasa kwamba hata waliopunguza tu walihesabiwa. Marasta nao wana chakula chao cha ital, na wengi wao hawali nyama. Waulize wanavyopika.

9. Ukialikwa, sema mapema. Kwa Waluhya, na Kawangware wamejaa, mgeni huchinjiwa kuku. Kumkataa mezani ni kumvunjia heshima aliyekupikia. Piga simu siku moja kabla: “Shemeji, daktari amenikataza nyama, nitafurahi ukiniwekea kunde na ugali wa wimbi.” Ukimtaja daktari, hakuna atakayeudhika.

10. Pima presha na sukari kabla ya kuanza, andika namba hizo, kisha pima tena baada ya miezi mitatu. Usiache dawa kwa sababu umeacha nyama. Anayetumia dawa za sukari amwambie daktari, kwa maana chakula kikibadilika, kipimo cha dawa huenda kikabadilika pia. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia warfarin, asiongeze mboga za majani kwa wingi kabla ya kupata ushauri. Kama hujawahi kupimwa presha tangu ufikishe arobaini, pita kituo cha afya kilicho karibu nawe wiki hii.