Chanjo ni hiari ya nani?

Somo la vikundi. Someni kwanza Marko 10:46-52.

Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo ya UVIKO-19, naye akachanjwa mbele ya watu. Serikali ilisema chanjo ni hiari. Hapa Singida neno hilo tulilisikia sana. Lakini katika nyumba yenye kijana mwenye ulemavu wa akili, hiari hiyo ilikuwa ya mlezi. Kijana mwenyewe hakuulizwa.

Walezi tuliozungumza nao hawakuwa na wazo moja. Wapo waliosema, "Huyu hatoki nyumbani, ugonjwa ataupata wapi?" Walisahau kwamba wanaotoka ndio wanaomletea. Mama mmoja wa Ikungi alikuwa na hofu nzito zaidi. Mwanawe alipata homa baada ya sindano ya kliniki, kisha degedege, na mpaka leo hasemi vizuri. Wadogo zake hakuwapeleka tena.

Tusimcheke mama huyu, kwa maana anasimulia alichokiona. Ulemavu wa akili mara nyingi huanza tumboni au wakati wa kuzaliwa, kwa mfano mtoto akikosa hewa, ingawa malaria kali na homa ya uti wa mgongo nazo huweza kuuleta baadaye. Wazazi huutambua pale watoto wa rika lake wanapoanza kutembea na kusema. Umri huo ndio wa chanjo: wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Mambo mawili yakikutana hivyo, moja huonekana kuwa chanzo cha lingine. Ni kweli kwamba homa huweza kufuata chanjo, na homa kali huweza kuleta degedege kwa mtoto mdogo. Apelekwe zahanati mara moja. Degedege fupi ya homa kwa kawaida haiachi ulemavu.

Hata Ulaya hofu hii ilienea. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield wa Uingereza aliandika akihusisha chanjo ya surua na usonji. Jarida lililochapisha makala yake liliifuta mwaka 2010, naye akafutiwa usajili wa udaktari. Kinyume chake, kuna chanjo inayozuia ulemavu. Mama akiugua rubela katika miezi ya kwanza ya mimba, mtoto huweza kuzaliwa haoni, hasikii au akiwa na ulemavu wa akili. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya surua na rubela pamoja mwaka 2014.

Sasa turudi kwa Bartimayo. Watu walimkemea anyamaze. Yesu alimwita, kisha akamwuliza anataka afanyiwe nini. Alikuwa kipofu, kila mtu pale Yeriko angeweza kumjibia. Hata hivyo aliulizwa yeye.

Kumwuliza mtu mwenye ulemavu wa akili kunahitaji muda. Tumieni maneno machache na yale yale kila siku. Mlezi amwonyeshe kwa mkono wake mwenyewe sindano itakapochomwa. Mpelekeni zahanati siku moja kabla, akae, aone, arudi nyumbani bila kuchomwa. Siku yenyewe achague mkono gani. Kama anatumia dawa za kifafa, nesi aambiwe mapema. Nesi mmoja alituambia siku ya kliniki foleni haimruhusu kufanya haya yote, na anasema kweli. Ombeni siku nyingine au saa ambayo watu ni wachache. Kumkamata kwa nguvu watu wanne huifanya chanjo inayofuata kuwa ngumu zaidi.

Maswali ya kujadili

Katika kijiji chetu, nani wamefichwa nyumbani siku ya chanjo? Nani anajua majina yao?

Mlezi akituambia chanjo ilimharibu mwanawe, tunaanza kwa kumjibu au kwa kumsikiliza?

Kijana ameelezwa vizuri, ameonyeshwa, na bado anakataa. Mlezi afanye nini wiki hiyo, na sisi tumsaidieje?