Fahamu Kaunti Yako: Loboi na Maji Moto ya Bogoria

Wageni wengi hupita kijiji cha Loboi, kusini mwa Marigat, wakielekea Loburu kuchemsha mayai. Wachache husimama kuuliza historia yake.

Maji ya mvua hupenya nyufa za Bonde la Ufa, hukutana na joto la ardhini na kupanda yakiwa karibu kuchemka. Anayetaka kuoga kuna bwawa la hoteli hapa Loboi, lenye maji vuguvugu ya chemchemi. Loburu si pa kuoga. Mshike mtoto mkono, kwani maji yale humbabua mtu mara moja.

Wazungu waliliita ziwa hili Hannington, jina la askofu aliyeuawa Busoga mwaka wa 1885. Waendorois walikuwa hapa zamani, wakilisha mifugo na kufanya matambiko ufukweni. Kuanzia 1973 waliondolewa kupisha hifadhi. Walishtaki, na uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliotangazwa Februari 2010, ukawapa ushindi: warejeshewe ardhi yao, walipwe fidia, na wafike ziwani bila kizuizi kwa ibada na malisho. Mwaka wa 2011 UNESCO iliorodhesha ziwa kuwa Urithi wa Dunia.