Umbo la Dawa ni Sehemu ya Dozi: Somo kwa Wauguzi, Wagonjwa na Wanaowauguza

Kila muuguzi aliyepita chuoni anazifahamu haki tano za utoaji wa dawa: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi na wakati sahihi. Wakufunzi wengi huongeza ya sita, yaani kumbukumbu sahihi, na wengine wameirefusha orodha zaidi ya hapo. Haki hizo zimeokoa maisha ya watu wengi. Hata hivyo, kwa kawaida hazilitaji jambo moja ambalo huzua madhara wodini na nyumbani, nalo ni umbo la dawa. Muuguzi aweza kumtambua mgonjwa wake barabara, jina la dawa likalingana na cheti, hesabu ya miligramu ikawa sawa, na bado mgonjwa akadhurika kwa sababu kidonge kilichotengenezwa kiachie dawa polepole kwa saa kumi na mbili kilisagwa, kikachanganywa na uji, kikanywewa chote kwa mara moja.

Umbo la dawa ni ile hali ambayo dawa imetengenezwa ili iweze kuingia mwilini: kidonge, kapsuli, dawa ya maji, unga wa kuchanganya, sindano, matone, marhamu, dawa ya kuvuta kwa pumzi, au dawa ya kuwekwa njia ya haja kubwa. Ndani yake, kemikali inayotibu mara nyingi ni sehemu ndogo tu. Iliyobaki ni viambata vinavyoishikilia, kuifunika, kuiyeyusha au kuikinga. Viambata hivyo haviui vijidudu wala havishushi shinikizo la damu, lakini ndivyo vinavyoamua dawa ifunguke wapi, kwa kasi gani, na kiasi gani kifike kwenye damu. Kwa hiyo anayebadili umbo la dawa amebadili dozi, hata kama miligramu zilizoandikwa kwenye paketi hazikubadilika.

Vidonge visivyosagwa

Tuanze na mgonjwa aliyepata kiharusi na kushindwa kumeza, ambaye analishwa kwa mpira unaopitia puani. Cheti chake kinaonesha nifedipine ya 20 mg, asubuhi na jioni. Dawa iliyopo ni ile ya kuachia polepole, ambayo pembeni ya jina lake huandikwa herufi kama SR au neno retard. Akiisaga, muuguzi ataimimina ndani ya saa moja dawa iliyokusudiwa kutosha nusu siku. Shinikizo la damu laweza kuporomoka ghafla, na ubongo ambao tayari una sehemu iliyokosa damu ukazidi kunyimwa. Kisha, saa chache baadaye, dawa itakuwa imekwisha na shinikizo litapanda tena. Atakayepima jioni atadhani dozi haitoshi, naye daktari huenda akaiongeza.

Vipo vidonge vingine vyenye ganda linalostahimili asidi ya tumbo, kama vile diclofenac nyingi zilizoko madukani. Ganda hilo linalinda kuta za tumbo dhidi ya dawa. Omeprazole ni kinyume chake: chembechembe zilizomo ndani ya kapsuli zimefunikwa ili asidi isiiharibu dawa kabla haijafika utumbo mdogo. Kuzisaga chembe hizo ni kuitupa dawa.

Je, ni kidonge gani basi kinachoweza kugawanywa? Mstari uliochorwa katikati ya kidonge cha kawaida mara nyingi huonesha kwamba kinaweza kukatwa nusu kwa nusu. Kisichokuwa na mstari, chenye ganda linalong'aa, au chenye herufi za kuachia polepole, kisikatwe wala kusagwa kabla ya kumuuliza mfamasia. Mgonjwa asiyeweza kumeza anahitaji umbo jingine la dawa hiyo, au dawa nyingine kabisa, na uamuzi huo ni wa mwandika dawa. Kazi ya muuguzi ni kuuliza kabla ya kuchukua kinu. Katika zahanati isiyo na mfamasia, kupiga simu hospitali ya wilaya hakumpunguzii muuguzi heshima hata kidogo.

Unga mmoja, mchanganyiko wa aina mbili

Hakuna dawa inayoonesha uzito wa jambo hili kuliko artesunate ya sindano, inayotumika kutibu malaria kali. Utafiti uliofanyika katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2010, uliwahusisha watoto 5,425. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa artesunate, asilimia 8.5. Tofauti hiyo ndiyo iliyoibadili miongozo ya tiba. Lakini faida hiyo hupatikana kwa dozi kamili tu, na dozi kamili hutegemea mchanganyiko unaofanywa na mkono wa muuguzi, mara nyingi usiku, na mtoto akiwa katika degedege.

Kichupa cha kawaida kina unga wa 60 mg. Kwanza huongezwa mililita 1 ya sodium bicarbonate ya asilimia 5 inayokuja pamoja nacho, kisha hutikiswa mpaka maji yawe meupe ya kupenya macho, yasiyo na ukungu. Ukungu usipoondoka, dawa hiyo haitumiki. Baada ya hapo ndipo njia inapoamua kiasi. Kwa sindano ya mshipa huongezwa mililita 5 za dripu ya chumvi au ya glukosi ya asilimia 5, na kila mililita huwa na 10 mg. Kwa sindano ya msuli huongezwa mililita 2 tu, na kila mililita huwa na 20 mg. Maji ya kawaida ya kuchanganyia sindano hayafai kwa kazi hii.

Tumchukue mtoto wa kilo 16. Walio chini ya kilo 20 hupewa 3 mg kwa kila kilo, kwa hiyo anahitaji 48 mg. Kwa mshipa ni mililita 4.8, kwa msuli ni 2.4. Baadhi ya majedwali ya ukutani huongeza kiasi hadi mililita kamili, na jedwali la kituo ndilo la kufuatwa. Sasa fikiria muuguzi wa kwanza amechanganya kwa ajili ya mshipa, akaitwa kwa mama anayejifungua, na mwenzake akakichukua kichupa akasoma safu ya msuli kwenye jedwali. Mtoto atapewa mililita 2.4 zenye 24 mg. Atakuwa amepata nusu ya dozi katika saa ambazo kila miligramu inahitajika, na hakuna dalili ya papo hapo itakayomwambia yeyote kwamba kuna kosa. Ndiyo sababu anayechanganya ndiye anayepaswa kudunga, na kichupa kilichochanganywa kiandikwe kiwango chake na saa yake palepale. Dawa hiyo hutumika ndani ya saa moja. Baada ya hapo hutupwa, hata kama nusu imebaki na inauma kuitupa. Vipo pia vichupa vya 30 mg na 120 mg, hivyo mazoea ya mkono hayatoshi: lebo isomwe kila mara.

Penisilini mbili

Katika kabati moja huweza kukaa vichupa viwili vya unga mweupe, vyote vikiitwa penisilini. Benzylpenicillin, ambayo wengi huiita X-pen, ikichanganywa hugeuka maji yasiyo na chembe na huweza kupita mshipani. Benzathine penicillin haiyeyuki. Hubaki kama maziwa mazito, na uzito huo ndio thamani yake. Chembe zake hukaa ndani ya msuli na kuachia penisilini kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, ndiyo maana mtoto mwenye ugonjwa wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi huchomwa mara moja kila baada ya wiki tatu au nne. Chembe hizo hizo zikiingia mshipani zaweza kuusimamisha moyo. Vifo vya namna hiyo vimekwisha kuripotiwa duniani.

Wengine hufundishwa kwamba dawa inayofanana na maziwa haipiti mshipani. Kanuni hiyo ina mwanya: propofol, inayotumiwa na wataalamu wa usingizi, ni nyeupe na hupita mshipani. Rangi humkumbusha muuguzi kusimama na kusoma lebo. Haiwezi kushika nafasi ya lebo.

Insulini nayo ina mtego wake. Mililita moja huwa na yuniti 100, kwa hiyo yuniti 10 ni sehemu moja ya kumi ya mililita. Bomba la insulini limechorwa kwa yuniti, bomba la kawaida limechorwa kwa mililita, na kulitumia la kawaida kwa sababu yale ya insulini yamekwisha stoo ni kumweka mgonjwa kwenye hatari ya kupata dozi mara kumi. Neno yuniti liandikwe kwa ukamilifu, maana herufi U iliyoandikwa haraka baada ya 4 imewahi kusomwa kama 40. Insulini yenye ukungu hubingirishwa taratibu kati ya viganja kabla ya kuvutwa. Haitikiswi kwa nguvu.

Dawa za maji, na kijiko cha nyumbani

Sehemu hii ni ya wazazi zaidi, ingawa muuguzi ndiye anayepaswa kuifikisha kwao. Chupa mbili za paracetamol zaweza kufanana kwa kila kitu isipokuwa namba ndogo chini ya jina. Moja ina 120 mg katika mililita 5, nyingine 250 mg katika mililita 5, na matone ya watoto wachanga yaweza kuwa na 100 mg katika kila mililita 1. Mtoto wa kilo 10 anayepaswa kupata 150 mg atapewa mililita 6.25 za ile ya kwanza, mililita 3 za ile ya pili, au mililita 1.5 za matone. Mama aliyezoea kijiko na kidogo cha chupa ya kwanza, akinunua matone na kutoa kiasi kilekile, atampa mwanawe 625 mg, zaidi ya mara nne. Ini la mtoto huyo likipewa hivyo kila baada ya saa sita, siku mbili zaweza kutosha kuliharibu. Mzazi asikariri vijiko. Akariri uzito wa mtoto na kumwonesha mtoa dawa chupa aliyo nayo. Na vijiko vya jikoni havilingani. Kikombe au bomba dogo lisilo na sindano lenye alama za mililita ndilo kipimo.

Antibiotiki ya unga inayochanganywa na maji nyumbani ina hatari mbili. Ya kwanza ni maji kutofika au kupita mstari uliochorwa kwenye chupa. Ya pili ni kutotikisa: dawa hutuama chini, mtoto akanywa maji matamu siku za mwanzo na tope kali siku za mwisho. Vidonge vya amoxicillin vya 250 mg vinavyoyeyuka kwenye maji au maziwa ya mama vimeondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo, na ndivyo vinavyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa nimonia ya watoto wadogo: mtoto wa miezi 2 hadi 11 kidonge kimoja mara mbili kwa siku, wa mwaka mmoja hadi miwili viwili, wa miaka mitatu hadi minne vitatu, kwa siku tano. Baadhi ya wazazi huvidharau kwa sababu wamezoea kwamba dawa ya mtoto ni ya chupa. Muuguzi akikiyeyusha cha kwanza mbele yao, na mtoto akakinywa, mjadala huisha.

Dawa mseto ya ALu nayo ipo katika umbo la watoto linaloyeyuka, na kila umbo lake hufyonzwa vizuri zaidi likinywewa na chakula chenye mafuta au maziwa. Tatizo lake kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni la lugha. Dozi ya pili hunywewa zikipita saa nane tangu ile ya kwanza. Muuguzi husema, "Umpe tena baada ya saa nane," na mama, kwa Kiswahili kilicho sanifu kabisa, husikia: ikishapita saa nane mchana. Aliyepewa dozi ya kwanza saa nne asubuhi hurudia saa nane na robo badala ya saa kumi na mbili jioni. Hali ni hiyo kwa kadi iliyoandikwa 8:00, ambayo wodini ni saa mbili asubuhi na nyumbani husomwa saa nane. Wanasarufi hawaipendi "masaa", lakini wodini ningeiruhusu bila kusita. Lililo bora zaidi ni kuitaja saa yenyewe pamoja na wakati wa siku, "leo saa kumi na mbili jioni, kesho saa kumi na mbili asubuhi," kuchora jua na mwezi kwenye paketi, na kumwomba mama arudie kwa maneno yake mwenyewe kabla hajabeba mtoto na kuondoka.